Nilimwona Mamba Kasenyi, Nikanyamaza

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimegeuza samaki mara tatu tangu alfajiri. Kuni mbichi. Moshi mwingi, macho yanawaka. Ngege, samaki wetu wa kila siku, ni wadogo wiki hii. Mvua imenyesha sana kule milimani na ziwa limepanda mpaka kwenye mawe tuliyokuwa tukianikia nguo mwezi uliopita. Matete yamezama nusu. Sipendi maji yakiwa hivi. Huoni chini.

Thembo ameniuliza tena naandika nini. Nimemwambia majina ya wateja. Mume wangu hasomi Kiswahili, anajua kile cha kuamrisha tu alichookota kwa wanajeshi: kuja, simama, toka. Mimi nilikulia Bwera, mpakani, mama akiwauzia Wakongo vitunguu. Ndiyo maana naandika hivi. Hapa mwaloni Kasenyi, wanapotua wavuvi, hakuna mwingine atakayesoma.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeona kitu leo. Sina hamu ya kukitaja.

Saa moja asubuhi, peke yangu, nikisuuza ndoo. Kando ya matete, hatua kama ishirini kutoka nilipo, vitu viwili vyeusi juu ya maji. Kama macho ya chura, ila yameachana mno. Nikatazama. Vikazama taratibu, maji hayakutikisika. Gogo halizami hivyo.

Au linazama. Sijui.

Mwaka jana nilipiga kelele hapo hapo. Mamba, mamba. Wanawake wakakimbia, mmoja akaanguka akavunjika jino. Kilichokuja kutua ufukweni kilikuwa gogo lenye kucha za matawi. Walinicheka mpaka Krismasi. Jina langu Kabugho wakalisahau, nikawa Mama Gogo. Hata waendesha boda boda wa Kasese walilijua. Sauda, jirani yangu, naye alicheka, lakini alicheka mara moja tu, akaacha.

Sisemi mpaka nione tena.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Vijana wa Kasese wamejaa ufukweni. Spika mbili, soda, nyama ya mbuzi. Wasichana kwa wavulana majini mpaka kifuani, wengi hata kuogelea hawajui, wanasukumana na kucheka. Mwenyekiti wa mwalo, Bwambale, anatembea katikati yao kama mwenye harusi. Anasema tukipasafisha hapa watakuja kila Jumapili.

Nimezunguka kutwa nzima. Sikukaa. Kila kichwa kilichozama nilikitazama mpaka kitokeze. Nilifungua mdomo mara mbili mbele ya Bwambale, nikauliza habari za nyumbani kwake.

Sauda akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema hereni. Akainama kunisaidia, akachambua mchanga kwa vidole karibu nusu saa. Anafanya hivyo Sauda. Hamwachi mtu atafute peke yake.

Jioni wote waliondoka wazima. Basi ni gogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bwera, sokoni. Nilikwenda na pikapu ya Hamza, mume wa Sauda. Ndiye anayebeba samaki wetu wote. Alizima redio tulipofika milimani, akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamsingizia moshi.

Mteja wangu kutoka ng'ambo ya mpaka, mama mnene anayenunua kikapu kizima, nilimpa samaki wa mtu mwingine. Akanitazama. "Mama Kabugho, kichwa yako iko wapi leo? Weye iko mugonjwa?" Nikamwambia hapana.

Nimelala vibaya siku tatu sasa. Nasikia maji hata penye barabara.

Jumanne, 14 Oktoba

Sauda. Siwezi kuandika.

Jumatano, 15 Oktoba

Nitaandika, maana mikono haitulii.

Jana saa moja na nusu asubuhi. Sauda na mimi, bega kwa bega, maji magotini. Yeye alikuwa akisuuza shuka, mimi sufuria. Alikuwa akinieleza jinsi mama mkwe wake anavyokoroma. Aliinama kuikunjua shuka. Sikusikia kitu. Hakukuwa na kishindo. Shuka ilivutwa, naye akavutwa nyuma yake, na nilidhani ameteleza mpaka nilipoona kichwa kile kimeuma mkono wake wa kulia juu ya kiwiko.

Nilimshika kiuno. Nilikita miguu kwenye matope. Mamba alikuwa akivuta kama lori. Nilipiga kwa sufuria, sijui mara ngapi, nikipiga pua, nikipiga maji, nikipiga hata Sauda. Yeye hakulia. Alikuwa akisema jina langu tu, kwa sauti ya kawaida, kama ananiita jikoni. Kabugho. Kabugho. Wavuvi wakaja na makasia. Thembo alimchoma mamba kasia jichoni. Akajipindua mara moja, maji yakawa mekundu, akaondoka. Hakuondoka mikono mitupu.

Tulimfunga kwa kitenge changu. Pikapu ya Hamza, Hamza mwenyewe akiendesha, mimi nyuma nimeshika mkono uliobaki. Hospitalini Kasese walikata tena, juu zaidi, karibu na bega. Yu hai.

Sauda ana umri wa miaka thelathini na sita. Ni mshonaji. Nguo zote za Idi na za Krismasi za mwalo huu zimepita chini ya mkono ule.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wananisifu. Wanakuja nyumbani na ndizi, na mayai, na sukari. Mwanamke aliyevunjika jino mwaka jana amenikumbatia, akalia. Anaitwa Masika. Ndiye aliyebuni jina la Mama Gogo. Leo ananiita shujaa.

Hamza amekuja pia. Amepiga magoti mbele yangu, mwanamume mzima, akashika miguu yangu. "Mama, bila weye ningezika." Sikuweza kumwinua. Nilisimama pale kama mti.

Walipoondoka niligawa ndizi zote.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani mchungaji amenisimamisha mbele ya watu. Makofi. Niliangalia viatu vyangu. Akasema Mungu aliniweka pale siku ile. Mimi najua aliniweka pale wiki moja kabla, nikiwa na macho na mdomo, navyo havikufanya kazi.

Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nilitembea mpaka barabara kuu na kurudi. Halafu nikaenda tena.

Jumanne, 21 Oktoba

Maafande wawili wa mbuga wamekuja. Wamepima unyayo kwenye matope. Wakasema ni mkubwa, amepanda na maji. Wataleta mtego boti ikipatikana. Kwa sasa tukae mbali na maji. "Toka kwa maji. Kila mutu." Mmoja alipuliza filimbi.

Tukatoka. Baada ya saa moja tukarudi, maana pampu ya kisima imekufa na hatuwezi kunywa filimbi. Tunachota sasa kwa kamba, ndoo inatupwa kutoka ufukweni. Watoto wanafungiwa ndani. Wanawake wanaoga kwenye karai. Kila mtu ananuka samaki na hasira.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wanaume wametega ndoana kwa mapafu ya mbuzi. Kinyume cha sheria, nao wanajua. Thembo yumo. Nimemwambia akikamatwa sitampelekea chakula. Nitampelekea.

Saa nane mchana sote tulimwona mamba. Alilala juu ya maji mbele ya mitumbwi, jua likimpiga, mrefu kama mtumbwi wa Thembo. Jicho moja limeziba. Masika alinishika mkono. Mamba alikaa pale kama mwenye nyumba, kisha akashuka vile vile nilivyomwona siku ile, bila kutikisa maji.

Kwa hiyo halikuwa gogo. Nilikuwa bado nina tumaini dogo. Limekwisha.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimekwenda hospitalini kumwambia. Nilijizoeza njia nzima juu ya boda boda. Sauda alikuwa ameketi, amefungwa bandeji mpaka shingoni, uso umepungua. Alicheka aliponiona. Aliniomba nimkune mkono usiokuwapo, nami nikakuna hewa pale aliponionyesha, na akasema sasa nafuu.

Sikumwambia. Nilimlisha embe. Nikarudi.

Mimi ni mwoga. Naandika hivyo ili nikisoma nisijidanganye.

Jumanne, 28 Oktoba

Mkutano wa mwalo, chini ya banda la mizani ya samaki. Watu wote, hata wale wa nyumba za mwisho. Hamza mstari wa mbele. Bwambale akasimama, akasema hili ni jambo la ghafla, hakuna aliyemwona mnyama huyu kabla, hakuna wa kulaumiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Sikupanga. Miguu ilisimama yenyewe.

Nikasema nilimwona. Jumanne ile kabla ya Uhuru. Nilimwona akizama kando ya matete, nikanyamaza kwa sababu mlinicheka mwaka jana na sikutaka kuchekwa tena. Sikukuu nzima nilijua. Watoto wenu walikuwa majini, nami nilijua.

Mvua ilikuwa ikianza kugonga mabati. Masika akainamisha kichwa. Thembo alinitazama kama ameingia nyumba ya watu wengine. Hamza akainuka polepole, akapangusa suruali, akatoka akatembea kwenye mvua. Pikapu aliiacha pale pale.

Bwambale akasema, "Ungeniambia mimi tu." Nikamjibu kwamba angesema nisiwatishe wageni. Hakukana. Akakaa.

Nilidhani nitapumua vizuri baada ya kusema. Bado.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimewaza kosa langu jingine. Nimewaambia watu wote kabla ya kumwambia yeye.

Thembo hasemi na mimi. Anakula, anatoka. Hakuna ndizi wala mayai mlangoni. Afadhali.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilifika hospitalini saa nne. Alikuwa ameelekea ukutani. Nikakaa kwenye kiti. Akasema bila kugeuka.

"Umeambia mwalo muzima. Mimi nimesikia kwa mutu wa boda."

Nikasema nisamehe.

"Hereni," akasema. "Nilitafuta hereni yako kwa mchanga."

Nilibaki na mikono mapajani.

"Ningekuwa nimejua, singeingia maji. Ni hiyo tu. Singeingia." Hakupandisha sauti. Halafu akasema niende.

Nilikwenda. Nje nilisimama karibu na bomba la hospitali, watu wakijaza madumu yao bila hofu, maji yakitoka safi, na nikawaonea wivu.

Jumamosi, 1 Novemba

Siwezi kukaa Kasenyi nikigeuza samaki. Leo nimepanda milimani, Bwesumbu, kwa kaka yangu Baluku. Ana mikaratusi kwenye mteremko, aliyoipanda kwa ajili ya nyumba ya mwanawe. Nikamweleza kila kitu, pamoja na aibu yangu. Nikamwambia huko kwingine ziwani watu wamezungushia mahali pa kuchotea maji kwa nguzo na waya, mamba hapiti. Nataka nguzo.

Alimaliza kunoa panga. "Ngapi?"

Sikujua. Nikasema zinazotosha wanawake kumi kusimama.

Akaanza kukata hapo hapo. Mkewe alinipa chai na hakunitazama usoni. Anamfahamu Sauda. Gauni lake la harusi lilishonwa naye.

Jumatatu, 3 Novemba

Lori la kahawa la Kitswamba limeziteremsha nguzo mwaloni. Watu walisimama wakitazama. Bwambale akauliza nani ameruhusu. Nikaendelea kuburuta. Nguzo ya tatu, Masika akashika mwisho wa pili. Tukaburuta pamoja.

Thembo alikuja saa sita na wavuvi wanne na waya wa zamani wa mabwawa ya samaki. Bado hasemi na mimi. Anasema na nguzo.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya tatu ya kujenga. Tatizo ni moja: lazima mtu asimame majini kushika nguzo wima wakati wengine wanagonga. Wanaume walitazamana. Nikafunga kitenge juu ya magoti, nikaingia.

Nataka kuandika ukweli. Sikuwa jasiri. Mitumbwi miwili mbele yangu, watu wakipiga maji kwa makasia kumfukuza, na bado kila jani lililogusa mguu wangu lilikuwa yeye. Nguzo ya kwanza nilijikojolea, maji yakaficha. Ya pili niliomba kwa sauti. Ya tano nilikuwa sihisi miguu.

Kwenye ya saba mtu aliingia akasimama upande wangu wa kushoto, upande wa ziwa, akaishika nguzo pamoja nami. Hamza. Sikuwa nimemwona tangu mkutano. Alikuwa na viatu vyake miguuni. Alisimama kati yangu na maji mpaka nguzo ya mwisho.

Tulipotoka akanikabili. "Sijakusamehe."

Nikasema najua.

"Lakini wanangu watachota hapa," akasema. Akaenda kumwaga maji kwenye viatu.

Jumamosi, 8 Novemba

Uzio umekwisha. Si mzuri. Umepinda upande mmoja na waya una viraka. Ndani panaenea wanawake kumi na mbili na watoto wao. Bwambale amepachika ubao: Usiogelee nje ya nguzo. Ameuandika kwa lugha tatu, moja ina makosa. Ametangaza pia kwamba yeyote akiona kitu majini, chochote, apige debe lililotundikwa kwenye mti wa kwanza ufukweni, na akichekwa, anayecheka atachota maji ya wote siku hiyo.

Debe limepigwa mara nne tangu asubuhi. Mara zote nne tumetoka.

Jumatano, 12 Novemba

Mamba alikuja. Saa moja asubuhi tulikuwa ndani, kama saba. Nguzo ya kona ilitikisika. Mara moja, kisha tena. Tukatoka bila kukimbia, mmoja mmoja, Masika akihesabu kwa sauti. Tukiwa ufukweni tukaona mgongo wake ukipita nje ya waya, polepole, akikagua. Nguzo zilisimama.

Nilikaa chini. Ni mara ya kwanza tangu mwezi uliopita nakaa chini bila kuinuka mara moja.

Jumatano, 19 Novemba

Maafande wameleta boti na mtego. Wamemkamata. Jicho moja limeziba, ni yeye. Walimfunga mdomo kwa kamba, wakamweka kwenye lori, wakampeleka sehemu ya mbuga isiyo na watu. Umati ulitaka auawe. Walirusha mawe. Mimi nilimtazama akiwa amefungwa na sikusikia hasira yoyote kwake. Alikuwa akitafuta chakula. Hakumficha mtu kitu.

Afande akasema wako wengine, maji yakipanda watakuja. Nikamwambia tunajua.

Jumapili, 23 Novemba

Sauda ametoka hospitalini. Hakurudi Kasenyi. Amekwenda Bwera kwa dada yake, nyuma ya soko, mbali na ziwa. Hamza anakwenda na kurudi. Cherehani ameiacha. Imefunikwa shuka, naiona kupitia dirisha lao kila ninapopita, nami nimeanza kupita njia nyingine.

Thembo amesema nami leo. Aliniuliza chumvi iko wapi. Iko pale ilipo siku zote. Nikamwonyesha.

Jumapili, 30 Novemba

Watu wa Kasese wamerudi kuogelea. Wachache. Waliingia ndani ya nguzo. Msichana mmoja alitaka kupita nje, Masika akamshika sikio.

Nimezunguka ufukweni, lakini si kutwa nzima. Mchana nilikwenda kugeuza samaki.

Ijumaa, 5 Desemba

Bwera. Niliuza mapema. Nilikuwa nimeamua kupita mbele ya nyumba ya dada yake tu, nione kama yu mzima, niende zangu.

Alikuwa nje, kwenye mkeka, na lundo la mihogo. Dada yake amekwenda mpakani. Ameushika muhogo kwa mguu, kisu mkono wa kushoto, akijaribu kuumenya, nao ukikimbia kila mara. Maganda machache tu yalikuwa yametoka. Jasho usoni. Nilisimama barabarani. Aliniona. Akaendelea. Muhogo ukakimbia tena, ukabingirika mpaka kwenye miguu yangu.

Niliuokota. Nikamletea.

Hakuupokea. Alitazama kisu, kisha akanitazama.

"Shika," akasema.

Nikakaa kwenye mkeka, nikaushika muhogo kwa mikono miwili, naye akakata. Kisu kilipita karibu sana na vidole vyangu. Sikuvitoa. Mkono wa kushoto bado ni mgeni kwa kazi, unakata sana au kidogo. Aliniambia nigeuze, nikageuza. Aliniambia niinue, nikainua.

Tulimenya lundo lote. Mwishoni akaniuliza pikapu inaondoka saa ngapi. Nikasema saa kumi. Akasema basi kuna muda wa kuchemsha mihogo.